Dodoso la historia ya maisha katika kuajiri watu wa mauzo: namna ya kulitunga, kulipa alama na kulihakiki

Usaili wa watu wa mauzo una mtego wake. Mwombaji mwenye ulimi mtamu anakushawishi wewe kabla hajakutana na mteja hata mmoja, nawe unamchukua ukiamini kwamba alivyokuteka ndivyo atakavyowateka wenye maduka. Miezi mitatu baadaye tageti haijafika nusu, simu hapokei, na sampuli za bidhaa ziko nyumbani kwake. Nimewaajiri watu wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Kilichonisaidia ni kuacha kuwauliza watu watafanya nini, nikaanza kuwauliza walishafanya nini: maswali yaleyale kwa kila mwombaji, na alama zimepangwa kabla sijaona sura ya mtu.

Hilo ndilo dodoso la historia ya maisha. Ni karatasi ya maswali 25 hadi 40 yenye majibu ya kuchagua, yanayohusu mambo ambayo mtu ameyapitia au kuyafanya. Kila jibu lina alama, na alama hizo hazitoki kichwani mwa meneja. Zinatoka kwenye rekodi za watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo, waliofaulu na walioshindwa.

Wazo lenyewe ni kongwe, na lilizaliwa kwenye mauzo hasa. Mwaka 1894 Thomas Peters wa kampuni ya bima ya Washington Life, huko Atlanta, aliwapendekezea watu wa bima waliokutana Chicago kwamba mawakala wachaguliwe kwa orodha moja ya maswali kuhusu maisha yao. Bima ya maisha iliuzwa mlango kwa mlango kwa kamisheni, mawakala wengi waliacha mapema, na kila aliyeacha aliondoka na gharama za mafunzo. Mwaka 1922 Dorothy Goldsmith alichapisha uchambuzi wa fomu za maombi za mawakala wa bima, akionyesha kwamba majibu ya kawaida kabisa, kama elimu, kazi ya awali na kama mwombaji mwenyewe amejikatia bima ya maisha, yakipewa alama na kujumlishwa yanasaidia kutenganisha wauzaji wazuri na wabaya. Swali hilo la bima nalipenda mpaka leo. Anayeuza kitu ambacho mwenyewe amekilipia anajua mteja anaumia wapi anapotoa pesa.

Je, linafanya kazi kweli? Watafiti hupima kwa uwiano: 0 maana yake dodoso halitabiri lolote, 1 maana yake halikosei kabisa. Mapitio makubwa ya Paul Sackett na wenzake ya mwaka 2022 yaliyapa madodoso yenye alama zilizotokana na takwimu uwiano wa 0.38, karibu sawa na usaili wenye maswali yaliyopangwa, 0.42. Usaili wa kupiga soga ulipata 0.19, na idadi ya miaka ya uzoefu, ile tunayoiandika kwa herufi nene kwenye matangazo ya kazi, ilipata 0.07. Kwa wauzaji peke yao, Andrew Vinchur na wenzake mwaka 1998 walipata 0.52 pale kipimo kilipokuwa maoni ya bosi, na 0.28 kilipokuwa mauzo halisi. Pengo hilo likumbuke, tunalirudia sasa hivi.

HATUA YA 1: Amua nani anaitwa muuzaji mzuri

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu panaonekana rahisi. Ukiwauliza wasimamizi "nani wako bora?", watakutajia wanaoripoti kwa wakati, wanaoongea vizuri kwenye kikao cha Jumatatu, wasiobishana. Dodoso likijengwa juu ya orodha hiyo litakutafutia watu wa kupendwa na wasimamizi. Huenda ndicho unachotaka, lakini kiseme wazi.

Mauzo nayo yana uongo wake. Muuzaji wa vinywaji mwenye ruti ya Kariakoo na mwenzake wa Tunduru hawawezi kulinganishwa kwa shilingi. Chukua mauzo ya kila mmoja, yagawe kwa wastani wa ruti ileile kwa wote waliowahi kuishika ndani ya miaka miwili au mitatu. Aliyepata 1.2 amezidi ruti yake kwa asilimia 20, iwe mjini au porini. Ondoa bidhaa zilizorudishwa na madeni yasiyolipika, maana muuzaji anayemwaga mzigo kwa mkopo mwisho wa mwezi hung'ara kwa siku chache tu. Weka pia kipimo cha kudumu: je, alimaliza miezi 12?

Halafu dodoso moja kwa kazi moja. Anayezungukia maduka ya rejareja na anayeuza mashine kwa viwanda hawafanyi kazi moja, hata kama vyeo vyao vinaandikwa sawa.

HATUA YA 2: Kusanya rekodi, na za walioondoka zikiwemo

Ukiwapima waliopo tu, unawapima walionusurika. Wale walioacha mwezi wa nne ndio hasa unaotaka kuwakwepa, na fomu zao za maombi ziko kwenye faili kabatini. Zifukue. Kama fomu hizo zilikuwa na maswali machache, wapigie simu: wengi hujibu ukiwaeleza vizuri na kuwaachia hiari ya kukataa.

Unahitaji watu wangapi? Kwa kujenga alama kutokana na takwimu, chini ya watu 100 hadi 150 wa kazi ileile ni kubahatisha. Ukiwa na wauzaji 12 usikate tamaa, una njia yako na nitaieleza mbele.

HATUA YA 3: Tunga maswali

Kaa siku mbili tatu ukizunguka na wauzaji wako kabla hujaandika swali hata moja. Angalia kazi inawadai nini: kukataliwa mara thelathini kwa siku na kuingia duka la thelathini na moja kwa sauti ileile, kutunza pesa za watu, kuamka bila kuamshwa, kukumbuka kwamba mama wa duka la kona alimzika mumewe wiki iliyopita, leo si siku ya kumdai. Kwa kila dai, jiulize: mtu aliye na tabia hii, maisha yake ya nyuma yangeacha alama gani?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na kitita cha mitihani ya kuchagua marubani. Mwanasaikolojia Edward Cureton alieleza baadaye kwamba swali moja peke yake lilikaribia kutabiri sawa na kitita kizima: "Umewahi kutengeneza ndege ya mfano ikaruka?" Tazama lilivyojengwa. Halimuulizi kama anapenda ndege. Linauliza tendo, na linauliza kama lilifanikiwa.

Swali zuri linahusu jambo lililokwisha kutokea, analolijua mwombaji mwenyewe, linalohesabika, na ambalo mtu mwingine angeweza kulithibitisha. Linganisha:

"Je, wewe ni mvumilivu?" Hili litupe. Hakuna atakayejibu hapana.

"Kazi yako ya mwisho ambayo malipo yalitegemea mauzo, ulikaa nayo muda gani?" Majibu: sijawahi kuwa na kazi hiyo, chini ya miezi 3, miezi 3 hadi 11, mwaka au zaidi.

"Kabla ya kutimiza miaka 18, uliwahi kuuza kitu kwa pesa?" Majibu: sijawahi, mara moja moja, mara kwa mara kwa zaidi ya mwezi mmoja.

"Katika miaka mitatu iliyopita, umewahi kutunza pesa za kikundi, kwa mfano kikoba, upatu, msikiti, kanisa au timu?" Majibu: hapana; ndiyo, chini ya miezi 6; ndiyo, miezi 6 au zaidi.

"Mara ya mwisho ulipoomba kitu muhimu ukakataliwa, uliomba tena mara ngapi?"

Usisahau kuweka jibu la "sijawahi", na usiamue mapema kwamba ni jibu baya. Rekodi ndizo zitakazosema. Na acha nafasi kwa aliyefanya jambo bila kulipwa: binti aliyesimamia genge la shangazi yake miaka miwili ameuza, hata kama hana barua ya mwajiri.

Sasa maswali ya kuyakwepa, na hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako. Fomu ya Goldsmith iliuliza umri na ndoa, na kwa wakati ule yalionekana kutabiri. Kutabiri peke yake hakutoshi. Ukiuliza mtaa anaoishi mtu, shule ya bweni aliyosoma, au kama nyumbani kwao kulikuwa na gari, unaweza kupata tofauti ya takwimu, lakini unachopima ni mfuko wa baba yake. Hakulichagua hilo na hawezi kulibadilisha. Swali la haki linahusu jambo ambalo mtu aliweza kulifanya au kuliacha, na ambalo maskini na tajiri, mke na mume, wote walikuwa na nafasi nalo.

Sheria nayo ipo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengineyo, na inamlinda mwombaji kazi kama inavyomlinda mwajiriwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, nayo inakataza ubaguzi dhidi ya mwajiriwa na mwombaji kazi, ingawa orodha yake haifanani neno kwa neno. Na majibu haya yote ni taarifa binafsi: Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mweleze mwombaji kwa nini unamuuliza, nani atasoma, na utakaa nayo muda gani.

HATUA YA 4: Lijazwe vipi

Dakika 30, ofisini kwako au kwa simu, kabla ya usaili. Kwa maswali manne au matano, ongeza mistari miwili: "Eleza kwa ufupi: lini, wapi, kiasi gani." Neal Schmitt na Charles Kunce walionyesha mwaka 2002 kwamba watu wakijua watatakiwa kueleza, hawajipandishii sana alama.

Nitakuonyesha kwa karibu. Mwombaji mmoja wa miaka 23 alichagua "zaidi ya mwezi mmoja" kwenye swali la kuuza utotoni. Kwenye mistari miwili akaandika: "Darasa la sita, ubuyu. Mama alinipa pakiti 40 kila siku, bei 50. Jioni narudisha 1,800. Pakiti nne nilikuwa nampa mlinzi aniachie nikae getini." Mwingine, jibu lilelile, akaandika: "Nilifanya biashara mbalimbali zilizonifunza mengi." Wa kwanza alikuwa anajua gharama ya kupata nafasi sokoni akiwa na miaka 12. Hata hivyo mistari hiyo usiipe alama za utamu. Kazi yake ni kuthibitisha jibu, na mwandishi mzuri asipate faida juu ya muuzaji mzuri.

Jambo jingine: wafanyakazi ulionao hawana sababu ya kudanganya, waombaji wanayo. Kwa hiyo alama zilizojengwa kwa wafanyakazi zinaweza kulegea zikifika kwa waombaji. Ukiwa na subira, njia bora ni kuwapa waombaji dodoso, kulifungia kabatini bila kulisoma, kuajiri kama ulivyozoea, na kulifungua baada ya mwaka.

HATUA YA 5: Toa alama

Tuchukue mfano wa kubuni wenye wauzaji 150. Kabla ya lolote, wagawe kwa kura: 100 wa kujengea, 50 weka pembeni na usiwaguse. Wapange wale 100 kwa kipimo chako cha Hatua ya 1, chukua 30 wa juu na 30 wa chini, wa katikati waache.

Swali la kuuza kabla ya miaka 18 linaweza kutoka hivi. Kati ya 30 wa juu: "sijawahi" 6, "mara moja moja" 9, "zaidi ya mwezi" 15, yaani asilimia 20, 30 na 50. Kati ya 30 wa chini: 13, 10 na 7, yaani asilimia 43, 33 na 23. Toa ya chini kwenye ya juu: "sijawahi" inabaki hasi 23, "mara moja moja" hasi 3, "zaidi ya mwezi" chanya 27. Weka kizingiti cha pointi 20. Jibu la kwanza linapata −1, la pili 0, la tatu +1. Fanya hivyo kwa kila jibu la kila swali, na alama ya mtu ni jumla yake.

Unaweza kutumia hesabu za uzito zenye desimali. Mimi nabaki na −1, 0, +1, kwa sababu kwa watu wachache desimali zinafuata bahati zaidi kuliko ukweli.

Bahati yenyewe si ndogo. Maswali 30 yenye majibu matatu yanakupa majibu 90. Kwa makundi ya watu 30 kwa 30, karibu majibu tisa kati ya hayo yatavuka kizingiti cha pointi 20 hata kama hayana uhusiano wowote na mauzo. Huwezi kuyatambua kwa macho, na utajikuta unayatungia maelezo: "aah, waliozaliwa wa mwisho ni wabembelezi." Ndiyo maana lile kundi la 50 lipo.

HATUA YA 6: Hakiki kwa watu wasiohusika

Wape alama wale 50 kwa jedwali lako bila kubadilisha kitu. Kwenye Excel, weka alama za dodoso safu moja, kipimo cha mauzo safu nyingine, kisha tumia fomula ya CORREL, inayokupa uwiano wa safu hizo mbili. Uwiano utashuka ukilinganisha na ulioupata kwa wale 100. Huo ndio uwiano wako wa kweli. Kwa watu 50, chochote kilicho chini ya takribani 0.28 kinaweza kuwa bahati tupu, kwa hiyo usianze kufukuza watu mlangoni kwa sababu ya 0.15.

Kisha tengeneza jedwali ambalo mkurugenzi ataelewa. Wagawe wale 50 kwa alama za dodoso: 17 wa juu, 16 wa kati, 17 wa chini. Hesabu waliofikisha tageti kila fungu. Ukikuta 11, 7 na 4, umepata kitu cha kutumia. Ukikuta 8, 7 na 7, rudi Hatua ya 1. Mara nyingi kosa liko kwenye kipimo cha mauzo, si kwenye maswali.

KAMA UNA WAUZAJI 12

Hii ndiyo hali ya biashara nyingi ninazozijua, na kwao hesabu za hapo juu hazifai. Fanya hivi: tunga maswali 15 kutokana na kazi yenyewe, kaa na watu watatu wanaoifahamu kazi, kila mmoja aandike peke yake alama anayodhani kila jibu linastahili, mlinganishe, mkubaliane. Swali mnalogombana juu yake sana, liondoeni. Andikeni jedwali la alama na lisiguswe tena. Kila mwombaji ajaze, mtu mmoja asahihishe, mwingine afanye usaili bila kuona alama. Weka rekodi. Miaka mitatu ya kuajiri watu 15 kila mwaka itakupa watu 45, ambao hawatoshi kwa takwimu za kujivunia lakini wanatosha kukuonyesha swali ambalo halina kazi kabisa.

Usinakili jedwali la kampuni nyingine, hasa ya nchi nyingine. Alama zinabeba soko, bidhaa na watu wa mahali zilipojengwa.

HATUA YA 7: Litumie, na ulichunguze kila msimu

Dodoso lipunguze waombaji 200 hadi 40, si kuchagua wa mwisho. Hao 40 wafanyie usaili wenye maswali yaliyopangwa, na watakaobaki wazungushe ruti siku moja pamoja na muuzaji mzoefu.

Kila baada ya kuajiri, hesabu nani anapita. Wanaume 40 waliomba wakapita 12, hiyo ni asilimia 30. Wanawake 30 waliomba wakapita 5, hiyo ni asilimia 17. Gawa 17 kwa 30, unapata 0.57. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1978 huchukua chini ya 0.8 kuwa dalili ya kuchunguza. Si sheria ya kwetu, lakini ni kipimo kizuri cha dhamiri. Pitia swali kwa swali utafute linalowaangusha wanawake. Niliwahi kukuta ni lile la "umewahi kusafiri peke yako kikazi nje ya mkoa". Wengi hawakuwahi kuruhusiwa, na kazi yenyewe haikuhitaji kusafiri. Liliondoka siku hiyohiyo.

Jedwali la alama lifungiwe. Likivuja kwenye kundi la WhatsApp la watafuta kazi, kila mtu atakuwa ameuza ubuyu.

Na dodoso huzeeka. Ukibadilisha kamisheni, bidhaa au aina ya wateja, rudia Hatua ya 5 na ya 6. Hata bila mabadiliko, rudia kila miaka miwili au mitatu. Nilikuwa na swali la kuuza vocha za kukwangua. Kwa waliokuwa vijana zama zile lilitenganisha vizuri. Waombaji wa sasa wamekulia kwenye kununua salio kwa simu, karibu wote wanajibu "sijawahi", na swali ambalo wote wanalijibu sawa halipimi kitu. Nimeliondoa. Mahali pake nimeweka la kuuza kitu kupitia status ya WhatsApp, na kupeleka mzigo kwa mteja mwenyewe. Halina alama bado. Majibu yapo kwenye faili, nasubiri mwaka utimie.